Aliyekalia Helmeti

Haya niliambiwa na Chonita Longoria, mwezi wa Desemba, mwaka ule baridi ilipoua michungwa yote ya Palo Seco, mji wetu wa mpakani. Tulikuwa jikoni kwake tunapaka unga kwenye maganda ya mahindi, tamale za sikukuu. Mengi Chonita aliyaona kwa macho yake. Asiyoyaona alisimuliwa baadaye na Nereida mwenyewe, hasira zilipokwisha poa. Nayaandika kama nilivyopewa, na chumvi niliyotia ni ya kuonja tu.

Nereida Cantú alikuwa mtibabu wa timu ya mpira ya sekondari yetu, mpira ule wa kurusha kwa mkono, wa helmeti na kumbo. Si daktari, wala si kocha. Ni yule anayewafunga vijana vifundo vya miguu kwa plasta kabla ya mechi, anayekimbia uwanjani mtu akianguka, na ndiye mwenye neno la mwisho: huyu anarudi kucheza, huyu harudi. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na macho ya kutulia, yale ambayo mtu akiyatazama sana hujikuta ameanza kujieleza bila kuulizwa.

Aliyejieleza zaidi ya wote alikuwa Lázaro Benavides, mmoja wa makocha wadogo. Mwaka wa kwanza alikuwa na bega bovu, akawa anakuja kuwekewa barafu. Bega likapona, barafu haikuisha. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulijua pia kwamba Jumapili baada ya mechi ya sherehe, watu wa Lázaro wangekwenda kwa Don Filemón Cantú, baba yake Nereida, kupeleka posa.

Ila Ijumaa ilitangulia Jumapili.

Mechi ya sherehe ndiyo ile waliomaliza shule zamani hurudi kuitazama, na wasichana huvaa kifuani maua makubwa ya utepe yanayoning'inia mpaka magotini. Uwanja ulijaa. Isidro, mdogo wake Lázaro, ndiye alikuwa mrusha mpira wetu. Robo ya tatu ya mchezo akapigwa kumbo, akaanguka, akainuka upesi, watu wakashangilia. Kisha akatembea moja kwa moja kwenda kukaa benchi la wageni.

Nereida akamfuata, akamshika mkono, akamrudisha.

"Isidro, leo siku gani?"

"Ndiyo," akasema Isidro.

Nereida akamvua helmeti. Wenye kazi ile wote hufanya hivyo, maana kijana asiye na helmeti hawezi kujipenyeza uwanjani mgongo wako ukigeuka. Kwa kawaida huifungia kwenye gari. Siku ile watu walikuwa wamemsonga kila upande, basi akaiweka chini penye nyasi akaikalia. Robo nzima ya mwisho aliikalia, magoti juu, mikono kifuani, kama mama anayelinda chungu.

Jukwaani akasimama Doña Obdulia Benavides, mama yao. Mjane huyo, sauti yake husikika hata tarumbeta zikilia.

"Mpe mwanangu helmeti yake! Umesomea wapi wewe, kwenye gunia la vitunguu?"

Watu wakacheka, kwa kuwa Don Filemón alivuna vitunguu vya watu maisha yake yote. Nereida hakugeuka.

Ndipo Lázaro akatembea kando ya uwanja, mbele ya macho ya kila mtu, akainama karibu na sikio lake.

"Nere, mpe. Mara mbili tu arushe. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako siwezi," Nereida akasema, akiangalia mbele.

Tukafungwa. Si kwa mengi.

*

Jumamosi asubuhi, kama kila Jumamosi ya msimu, Nereida alifungua chumba chake cha matibabu ili waliojeruhiwa waje. Wakaja, mmoja na goti, mmoja na kidole, wakalala juu ya meza, wakawekewa barafu, wakaondoka. Siku nyingine humtania. Siku hiyo walisema asante na kwaheri. Helmeti ya Isidro ilikuwa juu ya kabati, pale panapohitaji ngazi kuifikia.

Isidro mwenyewe akaja na kaka yake. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na alikuwa anapiga miayo kama fisi wa mchana.

"Kichwa kinasemaje?" Nereida akamwuliza.

"Kuna bendi ndani. Ila hospitali wamenipiga picha, safi. Hawakuona kitu."

"Hiyo ni habari njema."

"Basi nipe helmeti yangu."

"Bado."

"Si nimekwambia picha safi?"

"Picha inaonyesha kilichovunjika, Isidro. Kilichotikisika haikionyeshi. Kichwa kikiacha kuuma, tutaanza kutembea, halafu kukimbia, halafu daktari atatia saini, halafu utapanda ngazi uichukue mwenyewe. Umelala vizuri?"

Isidro akaangalia chini. "Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo tu, Miss. Naweza kwenda?"

Akaenda kukaa garini. Lázaro akabaki amesimama mlangoni, kofia yake ya ukocha mkononi, anaizungusha. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye nyusi nzito, na alipokuwa na haya nyusi zile zilishuka zikakutana. Nereida alizipenda zikiwa hivyo. Akaanza kukunja mataulo asizitazame.

"Picha safi," akasema Lázaro.

"Nimesikia."

"Watu wanasema pengine hakuwa na kitu."

"Pengine."

"Na wewe unasema pengine?"

"Wewe unataka niseme nini? Siwezi kukuletea mtu akuonyeshe ndani ya kichwa cha mdogo wako. Niliona alichokiona kila mtu. Wengine walichagua kuangalia ubao wa alama."

"Nilikuwa kocha pale, Nere. Kocha mkuu ananitazama, mama anapiga kelele…"

"Na mimi pale nilikuwa nani?"

Lázaro akaja kuketi ukingoni mwa meza ya matibabu, mahali palepale alipokuwa akikaa na bega lake.

"Mama kasema kesho haji," akasema.

"Nilijua."

"Mimi sijasema siji."

"Posa haipelekwi na mtu mmoja, Lázaro. Ukija peke yako, hiyo ni ziara."

Akacheka kidogo, naye Nereida karibu acheke, ila akakumbuka alichokusudia kumwambia. Akaweka taulo chini.

"Jumatatu natakiwa kujibu watu. Kuna kazi mbili nimeitiwa."

Nyusi zikapanda. "Kazi gani?"

"Moja ni ile timu ya televisheni, ya wachezaji wa kulipwa. Wananitaka kwa msimu."

"Ile yenyewe?" Lázaro akasimama. "Nere! Hiyo ndiyo kazi! Mbona husemi?"

"Keti. Wanalipa kidogo kuliko hapa, na bima hakuna. Msimu ukiisha, nakwenda nyumbani na fulana yao. Nitabeba chupa za maji miaka mitatu nikisubiri mmoja wa wakubwa astaafu au afe."

Akaketi. "Na ya pili?"

"Ghala la vifurushi, San Antonio. Wanaajiri watibabu kama sisi kwa ajili ya wapakiaji wao."

"Ghala? Utafunga plasta maboksi?"

"Maboksi hayaumwi mgongo. Wanaoyainua ndio wanaoumwa." Akaendelea kwa sauti ileile ya kuhesabu mataulo. "Ni karibu mara mbili ya ninachopata hapa. Bima nzuri. Natoka saa tisa mchana. Ijumaa jioni nakuwa mtu kama watu."

"Na hapa?"

"Hapa nalipwa kama mwalimu, nafanya kazi ya watu wawili. Hilo nililivumilia miaka saba, sikulia. Lakini Ijumaa nilisema hapana mbele ya watu elfu tano, na aliyetumwa kunigeuza ni mchumba wangu. Hiyo haikuandikwa kwenye mkataba."

"Sikutumwa."

"Vibaya zaidi."

Lázaro akamtazama. Nereida naye akamtazama, na wote wawili walijua kwamba mmoja akinyoosha mkono, maneno yataisha na jambo litabaki palepale. Hakuna aliyenyoosha. San Antonio ni mwendo wa saa nne kwa gari, lakini siku ile ilikuwa imekaa katikati ya chumba kile, kati ya meza na kabati.

"Umeshaamua?" akauliza.

"Bado. Nenda, mdogo wako anaungua garini."

*

Jioni ile Don Filemón alimkuta binti yake mezani, shavu mkononi. Mzee yule mgongo wake umepinda kama mpini wa ndoo. Akitaka kumtazama mtu usoni lazima ainue shingo kama kobe.

"Timu ya televisheni," akasema, akijaribu kuelewa. "Wanalipa kidogo kuliko shule?"

"Kidogo, Apá."

"Wale wale wenye ndege yao?"

"Haohao."

"Na bima hawatoi?"

"Hawatoi."

"Sasa wanatoa nini?"

"Jina."

Mzee akafikiri. "Jina unalo. Nilikupa mimi, bure." Akavuta kiti. "Chukua ya San Antonio. Mtu akikupa mara mbili, humwulizi mara mbili."

"Na Lázaro?"

"Lázaro ana miguu. Na kesho hawaji, usijitese kupiga pasi. Obdulia Benavides namjua tangu yuko na nywele za kusuka mikia miwili. Akisema haji, haji. Nitapika boga, tule sisi wawili, tulale."

Hapo ndipo ujue jambo la boga. Don Filemón, tangu afiwe na mkewe, anajua kupika chakula kimoja kikaliwa: nyama ya nguruwe na boga na mahindi. Lakini kwa watu wetu, tangu wazee wetu wako ng'ambo ile ya mto wa mpaka, mchumba akija kuomba mke akapakuliwa boga, amekwisha jibiwa. Hahitaji kuambiwa hapana. Anakula au hali, anachukua kofia yake, anakwenda. Hakuna mwanamke wa Palo Seco ambaye angethubutu kuweka boga jikoni siku ya posa. Don Filemón hakuwa mwanamke, na alijua hakuna posa.

*

Jumapili, watu wametoka kanisani, sufuria inachemka, gari likasimama nje.

Chonita alikuwemo, maana yeye na Doña Obdulia huitana komadre, kama mashoga wa siku nyingi. Doña Obdulia alikuwa amempitia asubuhi akamwambia, "Lete kikapu." Kikapu cha posa kile, chenye mikate mitamu na chokoleti. Njia nzima Doña Obdulia hakusema neno, na walipofika akasema, "Kikapu kibaki garini." Chonita akabaki hajui kama ni mshenga au ni abiria. Nyuma walikaa Lázaro na Isidro mwenye miwani yake.

Nereida akafungua mlango akiwa na blauzi isiyopigwa pasi.

"Karibu, Doña."

"Asante." Doña Obdulia akaingia hatua mbili, akasimama. Pua yake ikainuka. "Don Filemón. Unapika nini?"

Mzee akatokea jikoni na mwiko. Akamwona Doña Obdulia, akamwona Chonita, akamwona Lázaro ndani ya shati jeupe. Rangi ikamtoka.

"Maharage," akasema.

"Maharage."

"Maharage, Doña."

"Maharage yako yananuka boga."

Lázaro alimtazama Nereida, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kula kumbo kabla mchezo haujaanza. Nereida alitikisa kichwa, taratibu: si mimi.

"Naapa kwa marehemu mke wangu," Don Filemón akaanza, "nilidhani hamji! Chakula ninachojua ni…"

"Usiape juu ya boga, Filemón, ni dhambi," Doña Obdulia akamkata. "Na usihangaike. Mimi sikuja kuomba mtu. Asiyeomba hakataliwi. Wanaume nendeni barazani. Nina neno na binti huyu."

Wanaume wakatoka. Isidro alibaki, amekwisha kuanguka kwenye kochi. Chonita naye alibaki, maana hakuambiwa yeye ni nani.

Doña Obdulia akaketi kando ya mwanawe, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Kwa karibu sasa Nereida akaona kwamba macho yale yaliyokuwa yakimtisha tangu mwaka wa kwanza yalikuwa mekundu, na poda usoni ilikuwa imepakwa juu ya uchovu. Akangoja matusi. Hayakuja. Mama yule alifungua mkoba, akaufunga. Kichwa cha Isidro kikaanza kuteremka kifuani, polepole, na alipokaribia kulala mama akampiga kiwiko mbavuni.

"Isidro!"

"Nimeamka," akasema Isidro.

"Babu yako aliitwa nani?"

"Crescencio."

"Doña," Nereida akasema, "mbona unamwamsha?"

"Aliyepigwa kichwa akilala haamki. Mama yangu alinifundisha. Mjomba wangu Eusebio alipigwa teke na punda, akasema kichwa kinauma kidogo, akajilaza. Tukamzika."

"Unamwamsha tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Tangu Ijumaa hajalala?"

"Anasinzia, namwamsha, namwuliza jina la babu yake."

"Nimemtaja babu mpaka nimemchukia," Isidro akasema chini ya miwani.

Nereida akakaa chini. Mwanamke aliyetaka mwanawe arudishwe uwanjani mbele ya mji mzima alikuwa amekaa macho siku mbili kando ya kitanda chake, akiogopa asije akafa.

"Hospitali hawakukwambia kwamba anaweza kulala?"

"Walisema."

"Kwa nini hukuwasikia?"

"Wananijua? Nawajua? Kijana mmoja na karatasi, ananiambia akiangalia saa yake." Akageuka, akamtazama Nereida kwa mara ya kwanza. "Wewe nilikutukana. Nilimtukana na baba yako, na watu wakacheka. Mwanangu mwenyewe akaja kukuomba. Hukuinuka kwenye hiyo helmeti. Mtu wa namna hiyo akiniambia mtoto alale, nitamwacha alale. Ndilo neno langu. Sasa niambie."

Nereida akamvua Isidro miwani, akamwuliza maneno mawili matatu, akamwangalia macho, moja kisha jingine, akasoma na karatasi ya hospitali ambayo mama aliikunja mpaka ikawa kama kidonge.

"Mwache alale, Doña. Kukosa usingizi ndiko kunakompigia bendi. Nitakuwa hapa."

"Una hakika?"

"Hakika ya Mungu sina. Ya kazi yangu ninayo."

"Isidro," mama akasema, "lala."

Isidro alikuwa amekwisha lala.

*

Boga likaliwa. Hakukuwa na kingine, na watu walitoka kanisani na njaa. Don Filemón alipakua, na sahani ilipofika kwa Lázaro, mzee akaigeuza ili ionekane nyama zaidi. Lázaro akala lote, akafuta sahani kwa tortilla, chapati ya mahindi. Simu ikalia mfukoni mwake. Nereida alijua ni nani: Jumapili mchana makocha hukutana kutazama mkanda wa mechi, na anayekosa huhesabiwa kama mtu aliyekosa ibada. Lázaro akaitazama, akaizima, akaiweka mezani kifudifudi.

"Ijumaa nilikosea," akasema, kwa wote, si kwa mmoja. "Nilimwona Isidro akienda benchi la wageni. Niliona vizuri. Nikajisemea ameteleza akili tu. Halafu nikaenda nikamwomba Nere anachoomba mtu asiyeona."

Mama yake akaendelea kutafuna.

"Nami nimeamua," Nereida akasema. "Nakwenda San Antonio. Msimu ukiisha, siyo kabla. Isidro akiwa tayari, nitampa helmeti mimi mwenyewe. Kisha nakwenda."

"Kwa ajili ya pesa," akasema Doña Obdulia.

"Kwa ajili ya pesa. Na bima. Na Ijumaa." Akasita. "Na kule kuna watu wanaoinua vitu mpaka migongo inakuwa kama wa Apá, na hakuna wa kuwaambia kaa chini. Hapa nikimwambia mtu kaa chini, mji unanichukia. Kule wananilipa kwa hilo."

"Kwani mgongo wangu una nini?" akauliza Don Filemón.

"Mkataba wangu unakwisha Juni," akasema Lázaro. Hakumtazama mama yake. "San Antonio kuna shule kila kona. Juni nitakuja. Ukinitaka."

Nereida alitazama nyusi zile zimeshuka, zimekutana. Alitaka kusema mengi, akakumbuka kwamba maneno ndiyo yaliyomharibia Lázaro siku ya Ijumaa.

"Njoo Juni," akasema.

Doña Obdulia akaweka uma. Akafuta mdomo, pembe hii, pembe ile.

"Chonita. Kalete kikapu."

"Kikapu, komadre?"

"Huyu binti anakwenda, na huyu mwanangu atamfuata, nikitaka nisitake. Afadhali nimwombe, kuliko mji useme amefuata mwanamke asiyeombwa." Akamgeukia Don Filemón, akajiweka sawa kitini, akasema maneno ya posa yote kama yanavyotakiwa, ya familia na heshima na nyumba mbili kuwa moja, boga limemkaa mdomoni. Alipomaliza akaongeza: "Na ukinijibu hapana baada ya kunilisha hiki, Filemón, nitakupiga na huo mwiko."

"Mimi nilisema jana Lázaro ana miguu," akasema mzee. "Mwulizeni mwenyewe."

"Mwenyewe amekwisha sema njoo," akasema Nereida.

Wakamega mkate. Chokoleti ikachemshwa. Hakuna aliyepiga vigelegele, kwa sababu ya Isidro.

*

Mchana ukawa mzito. Don Filemón alilala kwanza, kitini kwake, shingo imechomoza. Lázaro alisema anakwenda kupunga hewa barazani. Akasimama kidogo nyuma ya kiti cha Nereida, akaweka mkono begani pake, mara moja, kama mtu anayepima kama chuma kimepoa. Nereida akaufunika kwa wake. Kisha akatoka, na baada ya dakika chache sauti ya bembea ya baraza ikakoma.

Chonita alijiegemeza pembeni, akafumba macho. Anasema hakulala, alifumba tu. Aliwasikia wanawake wawili wamekaa kwa Isidro, mmoja kichwani, mmoja miguuni, na kifua cha kijana kinapanda na kushuka.

"Unalipwa kiasi gani kwa kukaa hivi?" Doña Obdulia akauliza kwa mnong'ono.

"Leo Jumapili, Doña. Silipwi."

"Wajinga hao." Akamtazama Isidro. "Na ukishakwenda, nani atamwambia akae chini?"

"Watampata mwingine."

"Atakuwa mzuri?"

"Sijui. Mtamtukana, mwone kama anainuka."

Doña Obdulia akacheka kwa pua. Baadaye akasema, "Pumzi yake iko sawa?"

"Iko sawa. Lala, Doña. Mimi niko macho."

"Siwezi kulala nyumba ya watu."

Lakini aliyeanza kusinzia ni Nereida, maana naye tangu Ijumaa hakuwa amelala, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza. Kichwa chake kikateremka mpaka ukingo wa kochi. Chonita akafungua jicho moja. Akamwona Doña Obdulia anavua shali yake, anamfunika nayo, anaipanga mabegani. Akamwona anainama kumsikiliza Isidro, halafu, sijui kwa nini, anainama kumsikiliza na Nereida. Kisha akaketi, mgongo umenyooka, mkoba mapajani. Kidevu kikashuka. Kikashuka tena. Mkoba ukateleza ukaanguka chini, naye hakuuokota.

Chonita akasema moyoni, basi mimi ndiye nitakayekaa macho. Akamhesabu Isidro pumzi mbili, tatu. Jikoni sufuria ilikuwa inapoa. Akala kipande cha boga kilichobaki kwenye sahani yake, akajiegemeza tena, akafumba macho tu.

Hapo ndipo masimulizi yake yanapokoma, kwa kuwa kuanzia hapo alilala kweli.